Nimepanga studio Mtwara miaka miwili: nilikagua marumaru, sikukagua mita

Binti Newala

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Tarehe 30 mwezi huu wa Juni mkataba wangu unaisha na ninahama. Nimekaa kwenye studio hii ya Shangani, chumba kimoja chenye choo na jiko ndani, tangu Aprili 2023, miaka miwili na miezi mitatu. Kabla sijarudisha funguo nataka niyaandike yote, maana kila wiki naona mtu anauliza "studio Mtwara zinaenda bei gani?" na anajibiwa bei tu: laki na nusu Shangani, laki na ishirini ukisogea Magomeni, Likombe unapata chini ya hapo. Anashukuru, anaondoka. Hakuna anayemwambia aulize mita moja ya umeme inatumiwa na milango mingapi, yaani wapangaji wangapi. Mimi sikuambiwa, na ilinigharimu.

Mimi ni mwalimu. Nilihamishiwa mjini kutoka Newala, ambako nilikuwa na chumba na sebule kwa elfu thelathini, choo cha nje, maji ya kuhesabu. Aliyekulia kule juu anajua maji ni nini. Tumekunywa maji ya mvua yaliyokaa kwenye kisima cha uani tangu masika, na mtoto akimwaga kata moja anasemwa siku nzima. Kwa hiyo nilipopata uhamisho nilijiahidi kitu kimoja: bomba liwe ndani. Choo ndani, jiko ndani, nisipishane na mtu koridoni nikiwa na kanga moja.

Dalali alinizungusha siku tatu, kila siku elfu kumi ya kuonyeshwa. Nyumba ya saba ndiyo hii. Marumaru nyeupe sakafuni, chooni zimepanda mpaka juu ukutani. Dari ya jipsamu yenye taa za bluu pembeni. Kabati la jiko, sinki linang'aa, dirisha la aluminiamu, na ukilifungua upepo wa bahari unaingia mpaka kitandani. Hatua nane kwa tano, nilizipima kwa miguu. Laki na nusu kwa mwezi, miezi sita mbele, na mwezi mmoja wa dalali. Jumla milioni moja na elfu hamsini, nyingine nilikopa.

Nilifungua bomba, maji yakatoka. Niliwasha taa, ikawaka. Nikaona nimemaliza kukagua. Maji yalitoka kwa sababu tanki lilijaa asubuhi ile, na taa iliwaka kwa sababu jirani alikuwa ameweka LUKU, umeme wa kulipia kabla, jana yake.

Mzee mmoja wa mtaani alinieleza baadaye historia ya nyumba yenyewe, na tangu siku hiyo nikaelewa mengi. Ilijengwa miaka ile ya gesi, mji ulipojaa wageni wa makampuni na wenye viwanja Shangani wakakimbilia kujenga. Ilikuwa nyumba moja ya vyumba vinne, ya kupangishwa kwa mkupuo. Bomba la gesi la kwenda Dar likazinduliwa Oktoba 2015, waliokuja na kazi ile wakaondoka, nyumba ikakaa tupu. Ndipo mwenye nyumba akaikata. Kila chumba kikatobolewa mlango wa nje, kikawekwa choo na sinki, kikaitwa studio. Milango ikawa minne, vyoo vinne, lakini mita ilibaki ile ile moja, tanki lile lile la lita elfu moja, na shimo la choo lile lile lililochimbwa kwa ajili ya familia moja.

Usiku wa kwanza kuzimikiwa naukumbuka vizuri. Ilikuwa kama saa nane kasoro. Nilisikia feni inapunguza mwendo, inasita, ikasimama, na joto likanikalia kifuani hapo hapo. Mita iko nje upande wa geti. Nilipotoka nikawakuta wenzangu wote wameshatoka: mama mwenye mtoto mchanga mgongoni, kaka wa duka la simu, na kijana wa bandarini aliyekuwa ametoka zamu. Hatukuwa tumejuana vizuri bado. Kaka wa simu ndiye pekee aliyekuwa na salio. Akanunua ya elfu kumi, mimi nikawa namsomea tokeni na yeye anabonyeza, namba ishirini, mama anatumulikia na tochi ya simu. Tukakosea. Tukarudia. Mtoto analia. Mara ya tatu mita ikakubali, tukaitazama ile namba ya uniti kama watu waliopokea mshahara.

Tulikuwa tunachanga elfu ishirini kila mlango, elfu themanini kwa mwezi. Ikifika tarehe 22 au 23, imeisha. Mimi nina feni, friji dogo, pasi na taa mbili. Mlango wa tatu una kiyoyozi.

Nitaendelea na ukuta na pango linalopanda msimu wa korosho, ngoja nisahihishe madaftari kwanza.

Dada wa Rahaleo

Umenigusa dada. Mimi niko kwenye nyumba ya milango sita, mita moja. Tumefikia kutosalimiana asubuhi kwa ajili ya pasi. Naomba uendelee.

Fundi Waya

Naomba nieleze jambo ambalo wapangaji wengi wa mita ya pamoja hawalijui, nimeliona miaka kumi nikifunga nyaya hapa Mtwara.

Kwa wateja wa kawaida kuna bei mbili. Mteja mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti. Ukiongeza VAT na makato ya REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika 122. Elfu moja inampa uniti 8 na kidogo. Anayezidi hapo anawekwa bei ya kawaida, shilingi 292, na makato yake inakuwa 356. Huyo elfu moja inampa uniti 2.8.

Sasa chukua milango minne kwenye mita moja. Kila mmoja peke yake angetumia uniti 40 au 45, angekuwa mteja mdogo. Mkijumlishwa mnapita 75 kabla mwezi haujafika nusu, na mita inahesabu kama mtu mmoja mkubwa. Binti Newala, kwa vitu ulivyotaja, uniti 45 zingekutoka shilingi 5,490 kwenye mita yako. Kwenye hiyo ya pamoja ni 16,020. Na kwa kuwa mnagawana sawa ulikuwa unatoa 20,000, maana yake ulikuwa unamsaidia na mwenye kiyoyozi.

Binti Newala

Asante sana Fundi. Hesabu hiyo mimi niliipata baada ya miezi saba, kwa fundi mwenzako, na nilikaa kitandani nikaandika kwenye karatasi mara mbili nikidhani nimekosea.

Lakini naomba tumtendee haki kijana wa bandarini, ndiye mwenye kiyoyozi. Msimu wa korosho 2023 ndio huo korosho za kusini zilielekezwa kupita bandari ya Mtwara, kazi ikawa usiku na mchana. Anaingia zamu jioni, anarudi alfajiri, analala saa nne asubuhi mwezi wa Novemba. Mwenye kukaa Mtwara anajua Novemba saa sita mchana chini ya bati kunakuwaje. Kiyoyozi kwake hakikuwa anasa. Tulipomweka chini tukamweleza hakubisha hata dakika moja. Alisema, "Mimi niko tayari kulipa changu, tatizo sijui changu ni kipi."

Ndipo tukanunua mita ndogo nne, zile fundi anafunga ndani kila mlango uwe na yake. Elfu 25 kila moja, fundi elfu 40 kwa kazi yote. Tukagawana elfu 35 kila mlango. Tukaweka daftari la kaunta kwa mama wa mtoto, na kila tarehe mosi jioni tunazunguka wote wanne mlango kwa mlango tunasoma namba. Mwezi wa kwanza: mimi 44, mama 41, kaka wa simu 38, bandarini 97. Jumla 220. Kijana akalipa zaidi ya elfu thelathini na nne na akashukuru kuujua ukweli. Tangu siku hiyo hatujazimikiwa usiku hata mara moja kwa kukosa uniti. Tumezimikiwa kwa mgawo, mwishoni mwa 2023 mpaka 2024 wote mnakumbuka ilivyokuwa, lakini kwa kukosa uniti, hapana.

Mita ndogo hazikutuondoa kwenye bei ya 356. Hilo lingeisha kwa kila mlango kuwa na LUKU yake. Nilimwomba mwenye nyumba. Alisema atafikiria. Nikamkumbusha baada ya miezi mitatu, akasema bado anafikiria.

Mzee wa Chuno

Binti, mimi nina milango minne ya kupangisha, si hiyo yako. Nisikilizeni na upande wetu.

Kuunganisha umeme mjini hapa ni shilingi 320,960 kwa mita moja, nguzo ikiwa karibu. Mara nne ni milioni moja laki mbili na themanini na tatu elfu na zaidi. Bado waya na fundi wa kutenganisha nyumba ambayo ilifungwa waya kama moja. Mpangaji anakaa miezi sita anahama. Nikipandisha elfu kumi nirudishe hela yangu mnasema mzee ana tamaa. Miezi sita mbele tunaomba kwa sababu tumejenga kwa mkopo na benki haingoji tarehe ya mshahara wa mpangaji.

Binti Newala

Shikamoo mzee wangu. Nimekusoma na nimekuelewa, na nashukuru umekuja kusema.

Neno langu ni hili. Sisi wanne kwa mwaka mmoja tumelipa umeme karibu shilingi laki tisa na nusu. Kwa mita nne, sisi watatu tungekuwa chini ya elfu sita kila mmoja kwa mwezi, na yule wa kiyoyozi angebaki na bei yake. Hela ambayo tungeokoa ingelipa mita zote nne ndani ya miaka minne na ikabaki. Nilimwambia mwenye nyumba tuko tayari kulipia wenyewe, atukate kwenye kodi kidogo kidogo, tuandikishane. Sahihi yake ilihitajika tu, kwa sababu nyumba ni yake. Hakukataa. Hakufanya. Hilo ndilo lililoniuma kuliko bei.

Mzee wa Chuno

Marahaba. Kama mlisema mtalipia wenyewe, hapo mwenzangu alikosea. Mimi ningekubali siku hiyo hiyo.

Dada wa Rahaleo

Swali dogo: kila mwezi nikinunua mara ya kwanza wanakata 1,500. Hii ni nini na kwa nini nilipe mimi?

Msaidizi wa Sheria

Hiyo ni kodi ya jengo, dada yangu. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU. Ilianza elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500, yaani elfu kumi na nane kwa mwaka. Ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Ni kodi ya mwenye jengo. Ukiilipa kwenye mita unaweza kukubaliana naye aikate kwenye pango, na hilo liandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo. Na nyumba moja ikiwa na mita kadhaa, inatakiwa ikatwe kwenye mita moja, nyingine ziombewe kuondolewa.

Binti Newala

Sisi tuliona kupanda kwake Julai ile, mwezi wangu wa nne tu hapa. Mimi niliiandika kwenye mkataba wa pili, elfu 18 kwa mwaka igawanywe milango minne na ipunguzwe kwenye pango. Ni elfu nne na mia tano kwa mlango. Si nyingi. Ila mwenye nyumba alipokubali hiyo ndogo, ilikuwa rahisi kuzungumza na kubwa.

Sasa nirudi kwenye pango la msimu, maana hapa ndipo wageni wengi wa Mtwara wanaumia bila kujua.

Mkataba wangu wa kwanza, Aprili mpaka Septemba. Miezi sita, sikuhesabu inaishia wapi. Inaishia tarehe 30 Septemba, na Oktoba ndio minada ya korosho inaanza. Mji unabadilika ndani ya wiki mbili. Malori yanapanga mstari kuingia maghalani, wanunuzi wamejaa, nyumba za wageni zimejaa, bodaboda mpya kila kona kwa sababu wakulima wamelipwa. Na mtu wa msimu haulizi bei, anataka chumba cha miezi mitatu, anatoa laki mbili na nusu taslimu. Mwenye nyumba alinijia tarehe 25 Septemba jioni, akasimama hapo mlangoni kwa heshima zote, akasema mwalimu, kuanzia mwezi wa kumi ni laki mbili.

Sikulala. Mshahara wa mwalimu mnaujua.

Asubuhi nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Sikwenda kushtaki, nilikwenda kuomba ushauri. Ndiye aliyenifungua macho. Akaniuliza, "Unataka mkataba wa miezi mingapi?" Nikasema sita, kama kawaida. Akasema, "Ukichukua sita utarudi hapa mwezi wa tatu, na ukichukua sita tena utarudi mwezi wa tisa, korosho ziko mlangoni. Mwombe miezi tisa." Tukaita mwenye nyumba, tukakaa watatu chini ya mwembe wa ofisini. Nikatoa laki na sabini kwa miezi tisa, mpaka mwisho wa Juni. Juni hapa hakuna korosho, hakuna mgeni, studio tupu ni nyingi, na mwenye nyumba anajua ukiondoka chumba kitakaa mwezi au miwili. Alikubali. Juni iliyofuata nikachukua mwaka mzima kwa laki na sabini ile ile. Hakuongeza hata senti, kwa sababu ilikuwa Juni.

Kwa hiyo unayekuja Mtwara, kabla ya kuhesabu hela, hesabu mwezi mkataba unaoishia.

Lindi Yetu

Huku Lindi mjini msimu hautusukumi kama ninyi, lakini tuna letu. Kila mwenye kiwanja anajenga apatimenti akisubiri mradi wa gesi wa Likong'o. Nyumba zimesimama, wapangaji hakuna, na bei hazishuki kwa sababu kila mmoja anasema mradi ukianza nitapata zaidi. Nimepanga Mtanda, studio nzuri, jirani zangu wa pande zote mbili ni popo.

Msaidizi wa Sheria

Kwa faida ya wengi: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina sehemu nzima ya upangaji. Mkataba wenye muda na bei haupandishwi katikati kwa sababu msimu umefika, bei mpya inangoja muda uishe. Na mwenye nyumba anayepangisha sehemu tu ya jengo anabeba paa, kuta kuu za nje, mitaro mikuu na njia za pamoja. Mpangaji anatunza ndani yake. Mkishindwana anzeni serikali ya mtaa. Baraza la kata siku hizi kazi yake ni kuwapatanisha, na mkishindikana hapo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini ukifika huko bila karatasi, utakuwa unaeleza tu.

Binti Newala

Karatasi ndiyo iliyonisaidia kwenye ukuta.

Ukuta wa nyuma ya kitanda changu ndio unaoangalia baharini. Nilipohamia ulikuwa na rangi mpya, nyeupe kabisa, bado inanuka. Baada ya miezi mitano nikaanza kukuta unga mweupe sakafuni kila nikifagia, mwembamba kama wa muhogo. Nikadhani ni wadudu. Nikivuta kitanda naona rangi imevimba kama ngozi iliyoungua, ukiigusa inapasuka na ndani ni unga mtupu. Nilionja kwa ncha ya ulimi. Chumvi.

Mei 2024, siku za kimbunga Hidaya, mvua na upepo vilipiga ukuta ule siku nzima. Barabara ya Dar ilikatika Somanga, na sisi huku tulikuwa ndani tunasikiliza mabati. Asubuhi yake plasta ilidondoka kipande cha ukubwa wa sinia, juu ya mto wangu. Bahati nzuri nilikuwa jikoni. Yaani hatua tatu kutoka kitandani, studio ndiyo hiyo.

Mwenye nyumba akasema mimi ndiye nimeharibu kwa kuanika nguo ndani.

Fundi Waya

Nguo haziwezi kuleta chumvi. Mimi si fundi wa kuta lakini nimetoboa nyingi. Hapo tofali au plasta imechanganywa na mchanga wa baharini usiooshwa, na msingi haukuwekwa nailoni wala lami ya kuzuia unyevu. Maji yanapanda kutoka chini yanabeba chumvi, yanakauka usoni pa ukuta, chumvi inabaki inasukuma rangi. Kupaka rangi juu yake ni kazi ya miezi minne mitano tu. Inatakiwa plasta ing'olewe mpaka tofali, ukuta ukaushwe, upigwe upya kwa mchanga wa mtoni na dawa ya kuzuia maji.

Binti Newala

Ndivyo alivyosema na fundi wetu. Mkataba wangu ulikuwa na mstari mmoja niliouandika kwa mkono wangu siku ya kuandikishana kwa mwenyekiti: kuta, bati na shimo la choo ni za mwenye nyumba. Na nilikuwa na picha za simu za ukuta tangu siku ya kwanza, niliwatumia wazazi wangu Newala waone ninapokaa. Sikuzipiga kwa ajili ya ushahidi. Mwenyekiti akazitazama, akamtazama mwenye nyumba, wakazungumza pembeni. Ukuta ukang'olewa Julai, kwa gharama yake. Mimi nililala kwa mama wa mtoto siku tisa, tukiwa watatu kitanda kimoja.

Naomba nimtaje tena mama yule. Studio ni chumba cha mtu mmoja, unafunga mlango na hakuna anayejua umeamkaje. Februari mwaka huu nilishikwa na homa kali, sikuweza kunyanyuka kufungua hata dirisha. Ilikuwa tarehe mosi. Jioni walipokuja kusoma mita, hawakusikia sauti. Waligonga, wakagonga, kaka wa simu akapitia dirisha la jikoni. Nilipelekwa hospitali ya Ligula kwa bajaji. Malaria, na upungufu wa maji. Daftari la LUKU ndilo lililowaleta mlangoni kwangu.

Maji nisiyaandike sana. Tanki la lita elfu moja kwa milango minne linaisha siku mbili bomba la mji likikata, na mnara wake ni mfupi, shawa inadondosha tu. Nilinunua pipa la lita mia, nikarudi kuoga kwa kata kama Newala. Kisima cha jirani kipo ila ni cha chumvi, kinafaa choo na kudeki. Shimo la choo linajaa kila baada ya miezi saba au minane. Tangu mkataba wa pili gari la kunyonya analipa mwenye nyumba.

Na nisiseme mabaya peke yake. Jioni nikitoka kazini natembea mpaka Feri, nanunua pweza wa elfu mbili, nakaa naangalia kivuko kinakwenda Msangamkuu na kurudi. Asubuhi kuna bibi anapita na ming'oko ya moto kwenye beseni, ananiita mwalimu kabla sijafungua mlango. Nitaukosa mtaa huu.

Nesi Mtarajiwa

Shikamoo dada. Nimesoma uzi wote. Nimepangiwa hospitali ya kanda pale Mitengo, naripoti mwezi wa saba, sijawahi kufika Mtwara. Chumba chako kikibaki wazi naweza kuja kukiona? Na wewe unahamia wapi?

Binti Newala

Marahaba mdogo wangu, karibu Mtwara.

Mimi nahamia Likombe, chumba na sebule, sakafu ya saruji, hakuna marumaru hata moja. Laki na ishirini. Mita ni yangu peke yangu, nimeiona na nimeinunulia ya elfu mbili mbele ya mwenye nyumba nikahesabu uniti.

Kwako wewe, kukaa huku Shangani kuna jambo la kufikiria: Mitengo iko mbali, barabara ya kwenda Mikindani. Ukiwa na zamu za usiku, bodaboda ya kila siku itakula kile unachodhani umeokoa. Tafuta kwanza upande wa Mangamba. Ila kama bado unapataka, njoo Jumamosi ya tarehe 28 saa kumi jioni, nitakuwepo. Nitakivuta kitanda uuone ukuta, ulivyo sasa baada ya kupigwa upya, chini kabisa kumeanza tena alama ndogo, nitakuonyesha. Tutapanda kwenye tanki. Mita yangu ndogo itasoma namba, uipige picha siku hiyo ili usilipe uniti zangu. Daftari liko kwa mama wa mtoto, mwambie umetoka kwangu. Mtoto ameshaanza kutembea, atakufungulia yeye geti.

Na usichukue miezi sita. Ukiingia Julai inaishia Desemba, mji umejaa. Omba mwaka, uishie Juni.